Mtu Asiye na Doa

Mwaka wa 1958, masika yalipokwisha, wazee watatu wa kanisa walikuja machimboni kumtafuta Jeconia Owiti. Machimbo hayo yalikuwa kando ya mto Ndarugu, kati ya Thika na Ruiru. Wakata mawe pale walikuwa wengi, lakini mwenye mkono wa herufi alikuwa mmoja tu. Mtu akifiwa na akitaka jiwe la kaburi aliambiwa, "Mtafute yule Mjaluo."

Aliyeongea alikuwa Mzee Ephantus Mburu, mwenyekiti wa kamati ya kaburi. Alimkabidhi Jeconia karatasi iliyokunjwa mara nne. Jeconia akaisoma:

ZACHARIA GITHINJI. MWALIMU. ALIZALIWA 1903, AKALALA 1957. MTU ASIYE NA DOA.

"Herufi ziwe kubwa," Mzee Ephantus alisema. "Hasa mstari wa mwisho. Mtu ausome akiwa barabarani."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mbele ya jiwe utuwekee ngazi moja pana, ya kupigia magoti."

Jeconia aliitikia tena, lakini macho yake yalikuwa yameshahama. Ukutani kwa stoo palikuwa pameanikwa magunia, na moja lilikuwa limetoboka mahali pawili, sambamba. Alilitazama mpaka upepo ukalikunja. Ilikuwa miaka minne sasa hawezi kupita gunia lililotoboka bila kusimama kulitazama, na Ruiru ni nchi ya kahawa. Magunia yako kila upande unaogeukia.

Alipofika Thika kutoka kwao Nyanza, Jeconia alijua kukata jiwe lakini hakujua kusoma hata jina lake. Aliyemfundisha alikuwa huyo huyo Mwalimu Zacharia, aliyekuwa na darasa la watu wazima katika kanisa la mabati huko Ruiru. Alimshika mkono kama mtoto mpaka herufi ya J ikasimama wima. Mwalimu alikuwa na tabia moja: kila alipomaliza kuandika ubaoni, alisugua kidole gumba juu ya vidole viwili vya kwanza, polepole, kama mtu anayepima ulaini wa unga, hadi chaki iishe. Huo mkono wa herufi uliomlisha Jeconia, aliupata kwake.

Kisha ikaja Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya waasi. Wakikuyu walihamishwa kutoka makwao wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na seng'enge. Jeconia hakuwa Mkikuyu, kwa hiyo alipita na pasi yake popote penye kazi. Mwaka wa 1954 alikuwa anajenga ukuta katika kituo kimoja cha homgadi, askari wa kienyeji wa serikali, upande wa Ruiru, wakati wanaume wa vijiji vya jirani walipoletwa wakaketishwa juani kwa mistari, mikono kichwani. Mbele yao, juu ya kiti, alikaa mtu aliyevikwa gunia kutoka utosini hadi kiunoni, lenye matundu mawili ya macho. Watu walimwita gakunia, yaani kigunia, na kazi yake ilikuwa kuwaonyesha askari waasi bila uso wake kuonekana. Wanaume walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Gunia lilipoinama mara moja, mtu alipandishwa lori la kwenda kambini.

Bedan alikuwa katika mstari wa tatu. Bedan huyo alikuwa mkata mawe, mwenzake Jeconia. Walikuwa wamelisukuma toroli moja miaka mitano. Alipofikishwa mbele ya kiti, gunia lilikaa kimya kwa muda mrefu. Mkono uliochomoza chini yake ukaanza kusugua kidole gumba juu ya vidole viwili, polepole. Kisha gunia likainama.

Jeconia aliendelea kujenga. Hiyo ndiyo sehemu iliyomtesa kuliko zote: kwamba jiwe lililofuata aliliweka sawasawa, na akalipima kwa timazi.

Alipomweleza mkewe Apiyo, Apiyo aliufunga mlango kwanza. "Sisi ni wageni katika nchi ya watu," alisema. "Ulichokiona hukukiona."

Bedan hakurudi. Mwaka uliofuata mkewe, Wangeci, aliambiwa kwamba alikufa kambini, na hakuambiwa alizikwa wapi. Na tangu mwaka huo Mwalimu Zacharia aligeuka baba wa kijiji kizima. Njaa ilipoingia, alisimama mlangoni kwa bwana DO, afisa Mzungu wa tarafa, siku nne mfululizo mpaka unga ukatoka. Alizika watoto wa watu kwa mikono yake. Kila Jumamosi nusu ya chakula chake aliipeleka kwa Wangeci na binti yake Magdalene. Kifua kilipomuua, watu walilia kama waliopofuka. Baada ya mwezi walianza kuapa kwa jina lake, na baada ya nusu mwaka walikuwa wanachota udongo wa kaburi lake, wanaufunga kwenye kitambaa na kuutia katika maji ya wagonjwa.

Jeconia alikwenda kupima kaburi siku ya Jumanne, mchana. Lilikuwa nyuma ya kanisa, limezungushiwa uzio wa fito, na upande wa kichwani udongo ulikuwa umechotwa hadi pakabaki shimo kama bakuli. Alimkuta Wangeci anafagia.

"Baba Ajwang," Wangeci alimsalimu Jeconia kwa jina la mwanawe. "Nimesikia umepewa kazi ya jiwe. Nimefurahi ni wewe. Wewe na Baba Magdalene mlikuwa kama ndugu."

Jeconia aliinama akanyoosha kamba yake ya kupimia.

"Nikuambie kitu? Sijaiambia kamati." Wangeci aliegemeza ufagio kwenye uzio. "Mwalimu huwa ananijia. Si ndoto, ni mchana, saa nane hivi, nikiwa nachambua maharagwe. Anakaa pale kizingitini."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Na uso simwoni, amejifunika kichwa chote, kama Musa aliposhuka mlimani, uso unang'aa hata watu hawawezi kuutazama. Mzee Ephantus amehubiri hayo mara nyingi. Nami najua ni utukufu." Alishika tena ufagio. "Lakini ni kitambaa kigumu, Baba Ajwang. Kama cha gunia. Na mkono wake anafanya hivi, anafanya hivi."

Akakisugua kidole gumba chake juu ya vidole viwili.

Kamba ilimtoka Jeconia mkononi. Jua lilikuwa kali, kuku walikuwa wanaparua pale uani kwa kanisa. Aliandika vipimo ovyo, akaondoka bila kuaga vizuri. Njiani aliona mtu ameketi chini ya mti wa mwisho wa shamba la kahawa, kichwa kimefunikwa. Alipokaribia akakuta ni mchuma kahawa aliyejikinga jua kwa gunia. Yule mchuma alimsalimu, naye akapita mbio.

Wakati huo Jeconia alikuwa na jiwe lingine mikononi, la Bwana Rosental, Mzungu mwenye shamba dogo la kahawa Ruiru, aliyefariki mwaka uliotangulia. Yeye na mkewe walikuwa Wayahudi waliokimbia Ujerumani kabla ya vita. Wayahudi aliowajua Jeconia walikuwa wa kwenye mahubiri tu, na alishangaa kuona kwamba mmoja wao anafuga bata na kugombana na karani wake kuhusu mbolea. Mjane wake, Bibi Rosental, alikuwa amemchorea herufi za kwao juu ya karatasi, zinazokwenda kutoka kulia, na Jeconia alizichonga bila kuzijua, kwa kuzifuata kama mtu anayefuata nyayo.

Alipompelekea jiwe, Bibi Rosental alilipitia kwa kidole, herufi baada ya herufi. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, lakini kilimtosha.

"Nzuri," alisema. "Hakuna kosa."

"Memsahib, hapa imeandikwa nini?"

"Jina lake. Jina la baba yake. Siku aliyokufa."

"Basi? Hutaki niongeze kwamba alikuwa mtu mwema?"

Bibi Rosental alicheka kidogo, bila furaha. "Alikuwa mtu mwema Jumatatu. Jumanne alikuwa nyundo. Alitibu watoto wa watumishi kwa dawa zake mwenyewe, na mimi mwaka mzima hakunisemesha kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Utaandika lipi?"

Jeconia hakuwa amepanga kusema, lakini alijikuta amesema. Alimweleza habari za jiwe la Mwalimu na mstari wa mwisho, na udongo unaochotwa. Habari ya gunia aliiacha. Bibi Rosental aliketi kwenye kreti ya kahawa.

"Sisi hatuna mtu wa namna hiyo," alisema. "Musa ndiye mkubwa wetu kuliko wote. Alikasirika, akapiga mwamba, Mungu akamnyima kuingia katika nchi ya ahadi. Imeandikwa. Watoto wetu wanasoma. Daudi alichukua mke wa mtu akamuua mume. Imeandikwa, na zaburi zake bado tunaziimba. Na Musa, kaburi lake liko wapi? Hakuna ajuaye. Mungu alimzika mwenyewe akaficha. Wazee wetu wanasema alificha kwa ajili yetu, maana angetuonyesha, tungelipigia magoti."

"Lakini kama mtu amewafanyia watu mema mengi?"

Bibi Rosental aliwatazama bata wake. "Mji wa kwetu ulikuwa mdogo. Rabi wetu alikuwa mtu mwema, mimi sijaona mwingine kama yeye. Aliuza kitanda chake kuwanunulia maskini kuni. Mambo yalipoharibika, watu walimwuliza, tukimbie? Akasema kaeni, upepo huu utapita. Wakakaa. Watu mia tatu, dada zangu wawili ndani yao. Mume wangu alikuwa na kiburi, hakumsikiliza mtu yeyote, ndiyo sababu mimi niko Ruiru." Alishika ukingo wa kreti. "Rabi alikufa pamoja nao. Hakuwadanganya, alikosea. Kila mtu hukosea. Kila mwaka tuna siku moja tunasimama, tunajipiga kifua, tunasema tumekosa. Hatusemi nimekosa. Tumekosa, wote, na rabi mbele yetu. Yeye alisema hivyo kila mwaka kwa mdomo wake, na sisi tulimsikia na hatukumwamini. Tulimnyima nafasi ya kukosea. Hata mmoja hakuthubutu kumwuliza, una hakika?"

Kisha akasimama, akamwita karani aje kusaidia kupakua jiwe, na hakulizungumza tena jambo hilo.

Jeconia alirudi machimboni akachonga jina la Mwalimu, na neno mwalimu, na miaka. Alipoweka penseli ili achore mstari wa mwisho, mkono uligoma. Siku ya pili vilevile. Apiyo alimwona hali chakula.

"Ni herufi tu," Apiyo alimwambia. "Chonga, wachukue jiwe lao."

"Yeye ndiye aliyenifundisha hizo herufi."

"Basi mlipe kwa kuzichonga."

Wiki ya tatu, Kilonzo, dereva wa lori la mawe, alimletea habari kwamba binti ya Wangeci ana homa siku ya tano. Jeconia alipanda lori wakaenda. Kijijini handaki lilikuwa limeanza kufukiwa na lango lilikuwa wazi. Magdalene, msichana wa miaka tisa, alikuwa amelala kwenye ngozi, mbavu zikipanda na kushuka haraka kama za kuku aliyekimbizwa. Kando yake palikuwa na kikombe cha maji mekundu.

"Nimempa mara tatu," Wangeci alisema. "Mzee Ephantus anasema siku ya saba ndiyo siku."

"Mama Magdalene, twende hospitali. Lori liko nje."

"Mwalimu hawezi kumwacha huyu mtoto. Alimlisha kwa mkono wake." Aligeuka akatazama kizingiti, mahali pasipokuwa na mtu. "Yuko pale tangu asubuhi. Kwa nini asiseme neno?"

Jeconia alitazama pia. Hakuona kitu, na hilo lilimtisha zaidi. Alimnyanyua msichana akambeba hadi lorini, na Wangeci akafuata nyuma akilia, kikombe bado kiko mkononi.

Hospitalini Thika, daktari Mhindi alisema ni nimonia, na kwamba wangechelewa siku mbili zaidi, mtoto angekufa. Magdalene akadungwa sindano. Wangeci na Jeconia waliachwa wakae kwenye benchi la nje, ukutani, na pale Jeconia akamweleza. Hakuzunguka. Alimweleza kituo, mistari, kiti, gunia, mkono, na jinsi gunia lilivyokaa kimya kabla ya kuinama.

Wangeci alisikiliza huku ametazama miguu yake. Watu walipita na mitungi, muuguzi akaita jina la mtu, mtu akaenda.

"Una hakika?" aliuliza mwishowe.

"Uso sikuuona. Mkono niliuona. Mkono ule ulinishika darasani mwaka mzima."

"Na mimi nimekuwa nikiuona kila siku saa nane." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayehesabu nguo. "Ngai, Mungu wangu. Alikuwa analeta viazi kila Jumamosi. Alikuwa hawezi kunitazama usoni. Nilidhani ni heshima."

"Labda walimtishia. Labda walimwahidi unga. Sijui, Mama Magdalene. Naamini yale mema aliyoyafanya yalikuwa mema kweli."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Miaka minne." Sasa alimgeukia. "Ulikuwa na pasi. Ulikuwa unapita popote. Ungeniambia wakati Bedan yuko hai bado, ningekwenda kulia mlangoni kwa huyo DO mimi mwenyewe. Bedan alikaa kambini miezi saba kabla ya kufa. Miezi saba, Jeconia."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tupu. Jeconia alifungua mdomo kumweleza habari ya Apiyo na wageni katika nchi ya watu, akaona haisemeki.

"Nilikosa," alisema.

Wangeci aliinuka akaenda kukaa mwisho mwingine wa benchi, na hapo alikaa hadi walipoitwa ndani.

Msichana alipona. Jeconia hakwenda tena kijijini. Wiki iliyofuata Mzee Ephantus alifika machimboni na wenzake kuchukua jiwe. Alilizunguka, akasimama mbele ya sehemu iliyobaki tupu.

"Mstari wa mwisho uko wapi?"

"Sikuuchonga, Mzee. Na sitauchonga."

Mzee Ephantus aliwaambia wenzake wamsubiri kwenye lori. Walipokwenda, aliketi juu ya jiwe lisilokatwa bado, akavua kofia.

"Atiriri, sikiliza, fundi. Unadhani siku ile ulikuwa na macho peke yako? Mimi nilikuwa mstari wa pili, nikakuona unajenga ukuta. Mimi gunia lilinitikisia hapana, nikarudi nyumbani. Nilimfahamu kwa kukohoa kwake."

Jeconia alikaa chini, mkabala naye.

"Hawa watu wamepoteza mashamba," Mzee Ephantus aliendelea, pole pole. "Wamepoteza waume, shule, ng'ombe. Wanangoja nini waamke asubuhi? Wape mtu mmoja tu aliye safi. Mmoja. Kunakugharimu nini?"

"Mtoto wa Bedan alikuwa anakufa kwa udongo wake, Mzee."

"Wengine wamepona."

"Kama ningekuwa na mtu wa namna hiyo, ningewapa. Sina. Na wewe huna. Yeye mwenyewe, naona, alikuwa anajua hana, ndiyo maana alijichosha vile mpaka akafa. Hakuna kati yetu aliyempa nafasi aseme."

Mzee Ephantus alivaa kofia. Hakukasirika, alionekana tu amechoka, mzee kuliko alipokuja. Walilipakia jiwe jinsi lilivyokuwa, wakalipeleka kwa fundi mwingine mjini Thika, naye akaumaliza mstari kwa siku mbili. Lilisimamishwa Jumapili. Kilonzo alisema watu walijaa hadi barabarani, na ngazi ile ilikuwa imeshaanza kung'aa kwa magoti.

Ulipita mwezi na nusu. Siku moja saa za mchana, Wangeci alishuka njia ya machimbo, peke yake, na leso mpya kichwani. Jeconia aliweka tindo chini. Hakujua asimame au akae.

"Magdalene hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Ameanza tena shule." Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa. "Alikuja tena. Siku tatu baada ya hospitali. Nikaacha maharagwe nikamwambia, toa hilo gunia nikuone."

"Akatoa?"

"Akatoa. Nilidhani nitakufa kwa hofu. Ni mtu tu, Baba Ajwang. Mzee, ndevu hazijanyolewa, anatokwa na kamasi kama mtu aliyelia. Nilimwambia nimeshajua. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sijamsamehe. Na zile Jumamosi sijazisahau. Akakaa kidogo, akaenda. Hajarudi." Alikunja pindo la leso. "Jiwe lao nimeliona. Sikupiga magoti. Mzee Ephantus aliniona sikupiga, akatazama kando."

Jeconia alijua kwamba Wangeci hakuja kwa ajili ya hayo.

"Na wewe bado sijakusamehe," Wangeci alisema.

"Najua."

"Lakini hakuna mwingine mwenye mkono wa herufi aliyemjua Bedan. Nataka jiwe lake. Kaburi hana, nitaliweka nyuma ya nyumba, kwenye migomba."

"Niandike nini?"

"Bedan wa Kamande. Mkata mawe." Alifikiri kidogo. "Usiandike kwamba alikuwa mwema. Akilewa alinipiga, na safari moja alimpondea Magdalene kikombe chake cha bati makusudi, mtoto akalia siku nzima. Akiwa hajalewa alikuwa anaimba anapoosha miguu. Andika jina, na kazi, na jina la baba yake. Mengine nitamwambia mtoto mwenyewe, yote mawili."

Jeconia alikwenda kwenye rundo akachagua jiwe la kijivu lisilo na mshipa, kutoka upande wa juu wa machimbo, mahali Bedan alipopenda kukata. Alilipangusa, akachora mistari kwa penseli. Wangeci hakuondoka. Alisogeza kiti chake cha jiwe karibu ili aone, na herufi ya kwanza ilipoanza kutokea akauliza hiyo inasomwaje.

"B," Jeconia alisema, na akaendelea kugonga.